Maswali ya Wawakilishi wa Wadi na Majibu Yetu



Katika toleo hili twapenda kunena juu ya kazi isiyo yetu, lakini ambayo haiwezi kukamilika pasipo kupita mezani petu. Nayo ni kazi ya Mwakilishi wa Wadi, ambaye kila juma huyachukua mashaka ya watu wake na kuyafikisha mbele ya Serikali ya kaunti. Wengi wetu tumezoea kumwona mtu huyu kuwa msumbufu. Akiingia afisini, twainamisha vichwa na kujifanya hatukumwona. Na barua itokayo Bunge la Kaunti ikifika, twaiweka chini ya nyingine kwa kutumaini ya kuwa swali litachoka lenyewe. Twasema "twaiweka" kwa makusudi, maana waandikao maneno haya wamekwisha kulifanya jambo hilo zaidi ya mara moja.

Haifai kuisahau njia iliyotufikisha hapa. Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilianza kukutana mwaka 1907, na kwa miaka mingi mambo ya Waafrika yalinenwa humo na Wazungu walioteuliwa kwa kazi hiyo, wakiwamo wamisionari. Ni katika mwaka 1944 ndipo Mwafrika wa kwanza, Bwana Eliud Mathu, alipopewa kiti. Mtu mmoja kwa nchi nzima. Mwaka 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, nao walikuwa wanane. Katiba ya mwaka 1963 ilileta mabaraza ya majimbo, lakini Kenya ilipokuwa jamhuri mwaka 1964 nguvu za majimbo ziliondolewa, zikarudi Nairobi, zikakaa huko karibu miaka hamsini. Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010, na baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 kaunti zote 47 zikapata mabunge yao, na wadi 1,450 zikapata kila moja mtu wake wa kuchaguliwa. Maana yake ni kwamba mama aishiye mbali na barabara kuu ana mjumbe ambaye nyumba yake aijua, naye aweza kumbishia hodi. Babu zetu hawakuwa na mtu wa namna hiyo, na wengi walikufa wakiwa na malalamiko yasiyoandikwa na mtu yeyote.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu cha 9, yamtaka Mwakilishi akae karibu na wachaguzi wake, ashauriane nao, apeleke maoni yao Bungeni, na awe kiungo kati yao na Bunge katika habari za huduma za umma. Maneno hayo machache ndiyo juma lake zima. Mabunge mengi huketi alasiri ya Jumanne, Jumatano asubuhi na alasiri, na alasiri ya Alhamisi. Asubuhi nyingine ni za kamati. Kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu yuko wadini. Huko hapati kuketi chini akala bila ya mtu kumvuta kando. Mazishini huambiwa ya kwamba dawa zimekwisha zahanatini. Sokoni huambiwa ya kwamba mvua imeichukua kalvati na gari la wagonjwa halivuki. Mlangoni pake hukuta mwalimu wa chekechea asiyelipwa tangu mwezi wa tatu. Mwingine hutaka karo, na mwingine sanda. Huyaandika ayawezayo katika daftari, na Jumanne husimama mbele ya Spika.

Hapa pana jambo ambalo hata baadhi ya makarani hawajalitambua. Katika Baraza lile la zamani wakuu wa idara walikuwa wameketi mle mle ndani, wakajibu maswali kwa vinywa vyao wenyewe. Katika Bunge la Kaunti sivyo. Gavana si mjumbe, wala mawaziri wake wa kaunti si wajumbe. Basi Mwakilishi asimamapo kuomba taarifa hamwulizi waziri uso kwa uso. Huiomba kwa mwenyekiti wa kamati inayohusika na jambo hilo. Karani wa Bunge huiandikia idara. Waziri humpa afisa mkuu, afisa mkuu humpa mkuu wa kitengo, naye huandika pembeni kwa kalamu, "Tafadhali andaa jibu," na karatasi yashuka hivyo hivyo hadi ikose mahali pengine pa kushuka. Hapo ndipo tulipoketi sisi.

Jibu tuliandikalo hupanda ngazi ile ile. Aghalabu huko juu hubadilishwa koma moja au mbili, likatiwa sahihi, likasomwa Bungeni na mwenyekiti wa kamati, likaingia katika kumbukumbu rasmi. Waziri aweza kudhani ya kuwa amejibu yeye, na wananchi wakadhani vivyo hivyo. Lakini maneno ni ya karani.

Mwenzetu mmoja, ambaye jina lake na kaunti yake hatutavitaja, ametupa ruhusa ya kusimulia yaliyompata. Katika wadi moja ya nchi kavu pampu ya kisima kirefu iliharibika. Watu wakarudi kuchimba mchanga mtoni, wanawake wakiamka saa tisa za usiku ili wapate ndoo mbili kabla ya ng'ombe kufika. Mwakilishi wao akaomba taarifa Bungeni. Barua ilipomfikia mwenzetu, aliandika hivi: "Idara inalifahamu jambo hili, na hatua zifaazo zinachukuliwa." Jibu likasomwa, Mwakilishi akashukuru, akaenda kuwaambia watu wake wangoje. Wakangoja. Baada ya miezi miwili akauliza tena. Mwenzetu akalitoa lile jibu la kwanza, akabadili tarehe, akaongeza maneno "kwa haraka". Mara ya tatu kamati haikuridhika, ikataka iletewe majalada yenyewe. Ndipo mwenzetu alipoyafungua kwa mara ya kwanza. Katika jalada la maji hamkuwa na kitu. Lakini katika jalada la magari, kwa sababu karakana huandika zaidi habari za magari, palikuwa na barua ya ukurasa mmoja: pampu imekwisha kutengenezwa, ipo karakana, yangoja lori na dizeli ya kuirudisha. Barua hiyo ilikuwa imeandikwa siku tisa kabla ya swali la kwanza.

Siku zote zile, ndugu zetu, pampu ilikuwa imelala chini ya turubai haina kasoro. Katika habari hii hapakuwa na mwizi, wala adui wa watu, wala upungufu wa fedha ila za mafuta ya safari moja. Palikuwa na barua iliyotiwa katika jalada lisilo lake, na karani aliyejibu pasipo kutazama. Mwenzetu asema ya kwamba linalomwuma si karipio alilopewa, bali ni maneno yale mawili, "kwa haraka", aliyoyaongeza kwa mkono wake.

Tusimhukumu upesi. Siku barua ile ilipofika alikuwa na nyingine nyingi mbele yake, na moja ilikuwa ya mshahara wa watu wa idara nzima. Tena jibu la namna ile hakulibuni yeye. Alilikuta kazini, kama tulivyolikuta sote. Karani mpya hufundishwa na karani mkongwe ya kuwa jibu jema ni lile lisilozaa swali jingine, na ya kuwa maneno "linashughulikiwa" hayajamfukuzisha mtu kazi. Mkongwe asema kweli. Maneno hayo hayamfukuzishi mtu kazi, ila hayajapata kumrudishia mtu maji.

Pia pana hofu, nayo ni kubwa kuliko uvivu. Karani huijua mara nyingi sababu ya kweli: fedha za daraja zilihamishwa katika makadirio ya nyongeza, au mkandarasi alilipwa kabla ya kumaliza kazi, au hati imekaa wiki sita ikingoja sahihi ya mtu ambaye mlango wake uko hatua kumi kutoka mlango wetu. Akiliandika hilo, mkubwa wake hulipiga mstari mwekundu na kumwuliza kama amechoka na kazi. Hatutasema ya kwamba hofu hiyo ni ya bure, maana tuna wanachama waliohamishwa vituo vya mbali kwa ajili ya sentensi moja.

Lakini twapenda kila mwanachama ajue anaposimama. Katiba, katika Ibara ya 232, imetia miongoni mwa kanuni za utumishi wa umma kuwapa watu habari zilizo sahihi na kwa wakati wake. Ibara ya 236 yasema ya kwamba mtumishi wa umma asionewe wala asibaguliwe kwa kuwa ametimiza kazi yake kwa kuifuata Katiba au sheria nyingine, wala asifukuzwe au kushushwa cheo pasipo utaratibu wa sheria. Na Ibara ya 195 yalipa Bunge la Kaunti, pamoja na kamati zake, uwezo wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi, na katika kumlazimisha afike au alete hati lina nguvu zile zile za Mahakama Kuu. Ibara hiyo ya mwisho na isomwe polepole. Neno ni "mtu yeyote". Halikusema waziri peke yake. Siku kamati itakapotaka majalada, karatasi itakayoonekana ina mkono wa karani, na mkubwa aliyesema "andika hivi hivi" kwa mdomo hataonekana katika jalada.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Karani na aandike jibu la kweli jinsi alivyolikuta katika majalada, alitie tarehe, na kulipeleka kwa mkubwa wake kwa adabu, nakala ikibaki jaladani. Mkubwa akitaka kulibadili ana haki, maana sahihi ni yake. Lakini na alibadili kwa kalamu, si kwa kupaza sauti koridoni. Hatumwambii mwanachama yeyote akimbilie magazeti au ampenyezee Mwakilishi karatasi usiku. Hiyo si kazi ya karani, nayo yaharibu imani ambayo pasipo hiyo afisi haiendi. Twamwambia tu asiwe yeye wa kwanza kuificha habari ambayo hakuna aliyemwagiza aifiche. Twadhani, kwa tuliyoyaona wenyewe, ya kuwa majibu matupu mengi hayakuagizwa na mkubwa yeyote. Tuliyaandika kwa mazoea, na wakubwa wakatia sahihi kwa mazoea yao.

Sasa na tuseme pia upande wa pili, maana tukinyamaza wasomaji watasema tumetumwa na Bunge. Wapo Wawakilishi wasioomba taarifa ili wapate habari, bali ili waonekane wameomba. Wapo waulizao Jumanne na wasiwepo siku jibu lisomwapo. Wapo waingiao afisini na vijana wanne, wakampigia karani meza wakitaka jalada hapo hapo, au wakitaka kumchagulia mhandisi barabara ipite wapi na mkandarasi awe nani. Kifungu kile kile cha 9 tulichokitaja chakataza jambo hilo: Mwakilishi asijiingize, kwa njia iliyo wazi au ya kuzunguka, katika kazi za utendaji wa Serikali ya kaunti, wala asitoe huduma kana kwamba ni mtumishi wa kaunti. Karani aliyevamiwa hivyo hana sababu ya kugombana. Na amwambie, "Mheshimiwa, swali lako lipitie kwa Karani wa Bunge, nami nitalijibu kwa maandishi," kisha aandike jaladani ya kuwa alikuja, saa ngapi, na alitaka nini.

Tena maswali mengi hubisha mlango usio wake. Mwakilishi huulizwa na watu wake habari za askari polisi, za shule ya msingi isiyo na walimu, za vitambulisho. Naye huyapeleka Bungeni, ilhali hayo ni mambo ya Serikali ya taifa. Ya kaunti ni zahanati, hospitali za kaunti, maji, barabara za kaunti, kilimo, masoko, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, kama ilivyopangwa katika Jedwali la Nne la Katiba. Desturi yetu imekuwa kujibu, "Jambo hili halihusu idara," tukaishia hapo na moyo mweupe. Hapo twamwacha mtu njiani. Mstari mmoja zaidi wa kusema ni afisi gani inayohusika, na ya kwamba nakala ya barua imepelekwa huko, haumpotezei karani hata robo saa.

Jibu zuri ni la namna gani? Turudi kwa pampu. Lingekuwa hivi: pampu iliondolewa kisimani tarehe fulani, ilikwisha kutengenezwa tarehe fulani, ipo karakana, yangoja lori na mafuta, mwenye kuidhinisha mafuta hayo ni afisa wa cheo fulani, naye alipelekewa hati tarehe fulani, idara yatazamia kuirudisha kabla ya tarehe fulani, na isipowezekana kamati itaarifiwa kabla ya siku hiyo kupita. Hayo ni maneno machache kuliko ya majibu matupu tuliyozoea, ambayo yaweza kujaza kurasa mbili kwa sifa za mpango wa maendeleo wa kaunti. Na pale ambapo hatujui, tuandike ya kuwa hatujui na siku tutakayojua. Vilevile tuachane na kule kusema "katika mwaka wa fedha ujao" kama msemaji wa hadithi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kama kazi imo katika makadirio yaliyopitishwa, tutaje ukurasa wake na kiasi chake. Kama haimo, tuseme haimo, ili Mwakilishi apate kuipigania wakati makadirio mengine yajapo mbele yake, maana yeye ni mmoja wa wenye kuyapitisha.

Jambo jingine ni la lugha. Swali huzaliwa kwa lugha ya nyumbani, Mwakilishi akalitia katika Kiswahili au Kiingereza, nasi twajibu kwa Kiingereza cha barua za Serikali, ambacho hata wanaokisoma Bungeni hukisoma kama wanaovuka mto wenye mawe. Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, nacho pamoja na Kiingereza ni lugha rasmi, kwa Ibara ya 7. Hakuna sheria tuijuayo inayotuzuia kuambatanisha nusu ukurasa wa Kiswahili na kila jibu, na kupeleka nakala kwa msimamizi wa wadi aibandike ubaoni penye afisi yake. Katika wadi ile ya kisima, watu waliambiwa habari za jibu kwa mdomo tu, mara mbili, na mara mbili waliyasikia maneno yasiyo na tarehe wala mahali. Kama wangaliliona ubaoni jibu lisemalo pampu ipo karakana, wapo wenye malori sokoni ambao hatuna shaka wangalijitolea kuifuata siku ile ile.

Haya twayaandika kwa kuwa katika mkutano uliopita wa halmashauri baadhi ya wanachama walitaka Chama kipeleke malalamiko dhidi ya wingi wa maswali ya Bunge, wakasema yatuzuilia kazi. Halmashauri haikukubali, nasi twaona ilifanya vema. Iliyokubali ni kuwaomba wakuu wa idara watoe karani mmoja katika kila idara, mwenye kazi ya kupokea barua za Bunge, kuziandika katika daftari lake, na kuyatafuta majalada yote yanayohusika kabla ya neno lolote la jibu kuandikwa. Barua ya ombi hilo imekwisha kupelekwa. Makatibu wa matawi waombwa watuletee, kabla ya mwisho wa mwezi, jibu moja ambalo tawi lao laona lingeweza kuandikwa vizuri zaidi, likiwa limefutwa majina ya watu na ya kaunti, pamoja na namna ambavyo wao wenyewe wangaliliandika. Mwenzetu wa pampu amekwisha kutuletea lake. Nasi wa meza hii tumo katika kulitafuta letu, na tayari tumeyapata matatu.